Andika Kwanza, Ndipo Uone

Mlango wa maabara ya kompyuta ulisukumwa bila hodi, na mwanamume ambaye hakuna aliyemfahamu akaingia, shati lake jeupe limelowa mvua mabegani, mkononi ameshika mkoba uliotoa nyaya kila upande. Madam Saa Sita hata hakumtazama usoni. Alikuwa akimsubiri fundi wa projekta tangu asubuhi, na wanafunzi walikwishaanza kupiga soga.

"Hatimaye!" alisema, akinyoosha kidole darini. "Ile pale. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama inanikonyeza. Panda hiyo meza. Lakini vua viatu kwanza."

Mgeni alifungua mdomo aseme kitu, akaufunga. Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa ya bluu, nyingine nyeusi. Darasa zima likaguna kwa raha. Akapanda juu ya meza, akagusa hapa, akapuliza pale, akavuta waya mmoja kwa uangalifu mkubwa. Projekta ikawaka kwa mwanga mkali, wanafunzi wakapiga makofi, kisha ikatoa mlio kama wa mtu anayekoroma, ikazima moja kwa moja.

"Nadhani sasa nimeiua," alisema yule mtu kutoka juu.

"Wewe ni fundi wa wapi?"

"Mimi siyo fundi, Madam. Ni mwalimu mwenzako, nimetoka tawi la pili. Mkuu wa Idara amenituma. Kuanzia leo tunafundisha darasa moja."

Kicheko kilichopasuka mle ndani kilisikika hadi ofisi ya fedha. Saa Sita alihisi masikio yakiwaka moto. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Uliniamuru kwa sauti ambayo sijawahi kuishinda maishani," alijibu akitafuta viatu vyake. "Ya mama yangu."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Fundi, na hakuna aliyekumbuka lingine.

Yeye Saa Sita alipewa jina na wanafunzi. Kazi zake zote zilifungwa saa sita kamili mchana. Ukifika dakika moja baadaye, unakuta ukurasa umefunga mlango. Alikuwa mwembamba, mpole wa sura, mkali wa ratiba, na aliipenda kazi yake jinsi wengine wanavyopenda muziki. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa unaisha mwisho wa muhula huo. Mkuu wa Idara, mama asiyepoteza maneno, alikuwa amewaita wote wawili ofisini na kuwaambia kwamba wanafunzi wa matawi mawili hawatoshi katika chumba chochote, kwa hiyo mijadala yao ihamie mtandaoni.

"Na mimi nitakuwa nasoma," aliongeza, akishusha miwani. "Kila ukurasa. Mikataba ya muhula ujao nitaipima kwa hicho nitakachokisoma."

Wakajifungia kwenye chumba cha walimu, meza moja, laptopu mbili, dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli.

"Tukiweka siku moja tu ya mwisho," Saa Sita alianza, "wote watakuja pamoja kama watu wanaokimbilia duka linalofungwa. Kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza. Hizo ni kelele, siyo mjadala."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaugawa. Jumatano saa sita, kila mtu awe ameandika mchango wake wa kwanza. Alhamisi saa sita, mimi na wewe tuwe tumemjibu kila mmoja neno la kumsogeza mbele. Ijumaa saa sita, kila mtu awe amewajibu wenzake wawili. Jumatatu saa sita, hitimisho: nilianza nikifikiri nini, sasa nafikiri nini, na nani kanibadilisha."

Fundi akaacha kuchapa. "Nani kanibadilisha," alirudia polepole. "Hilo swali lina alama ngapi?"

"Nyingi kuliko yote."

"Inafaa," alisema, na akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Waligombana siku hiyo hiyo, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya wachelewaji. Saa Sita alitaka anayechelewa apate sufuri, basi. Fundi alitikisa kichwa.

"Mtu amechelewa, hajafa. Mpokee. Mkate alama, sawa, lakini mpokee."

"Halafu kila mtu atachelewa."

"Basi aseme sababu yake ya kweli, pale pale ukurasani, mbele ya darasa zima. Anayeweza kusimama mbele ya watu akasema ukweli wake, huyo namfungulia mlango."

Saa Sita alibisha hadi chai ikapoa. Mwishoni akakubali, akanuna kidogo, kisha akacheka, kwa sababu Fundi alikuwa amemsogezea kikombe kingine cha chai ya moto.

Walipowatangazia wanafunzi kanuni hizo, binti mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye mdomo kama wakili, akanyoosha mkono. "Na walimu je, Madam? Nyinyi mkichelewa kutujibu, nani anawakata alama?"

Darasa likapiga meza. Saa Sita akasubiri wanyamaze. "Nawaahidi," alisema. "Kila Alhamisi saa sita kila mmoja wenu atakuwa na neno langu. Nikichelewa, nami nitaandika sababu yangu ya kweli, pale pale, mbele yenu wote. Na mtanikata alama kama ninavyowakata."

"Hata ikiwa sababu ya aibu, Madam?"

"Hata ikiwa ya aibu."

Aliisema kwa wepesi wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa tangu azaliwe.

Mjadala wa kwanza uliwavunja mbavu. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika mapema, na waliomfuata wote waliandika kitu kile kile: "Nakubaliana kabisa na mwenzangu hapo juu." Hata yule wa juu kabisa, ambaye juu yake hapakuwa na mtu, naye alikubaliana.

"Wananakiliana kama mihuri," Saa Sita alilalamika.

Fundi akainamia skrini, akachimbua kwenye mipangilio, akakuta kitufe kidogo kama punje. Ukikiwasha, mwanafunzi haoni cha mtu yeyote mpaka aandike chake kwanza. Ukurasa unakuwa mtupu kabisa, na juu yake maneno machache tu: Andika kwanza, ndipo uone ya wenzako. Fundi akafurahi kama mtoto. Akakiwasha kwenye kila ukurasa aliouona mbele yake, na tangu wiki hiyo wanafunzi wakaanza kuandika yaliyomo vichwani mwao. Wengine walikuwa na mambo makubwa humo ndani, hakuna aliyejua.

Katika kutoa alama nako wakajitengenezea desturi yao. Kila mmoja alisoma mchango peke yake, akaandika alama kwenye kipande cha karatasi, akakifunika mezani.

"Sema wewe umempa ngapi," Fundi alikuwa akimchokoza.

"Sema wewe."

"Mimi nakuogopa."

"Basi tufunue pamoja."

Wakafunua pamoja. Zikilingana, walipigana viganja vya mikono kama wachezaji mpira. Zikitofautiana, walibishana wakirejea mwongozo wa alama: hoja iko wapi, ushahidi uko wapi, mwenzake amemsikiliza au amempita tu? Mikono yao iligusana juu ya karatasi mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Fundi alinukia sabuni ya kufulia na wino. Saa Sita alikuwa anaijua harufu hiyo kabla mlango haujafunguka.

Jumamosi moja alasiri simu yake iliita akiwa nyumbani.

"Halo, Saa Sita."

"Halo, Fundi. Kuna nini?"

"Kuna mwanafunzi wako ameandika ukurasa mzima bila kuweka nukta hata moja. Nimesoma hadi pumzi imenikata."

"Ndicho ulichonipigia Jumamosi?"

"Hapana, hicho ni kisingizio. Nilitaka kusikia sauti ikiniambia nivue viatu."

Saa Sita akageukia ukutani ili dada yake asimwone uso. Alikuwa amechelewa kuuficha. Dada yake alikuwa mshonaji, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, vitambaa kila kiti, na macho yake hayakuacha kitu kipite.

"Huyo Fundi wako," dada alisema simu ilipokatika, midomo imebana pini, "anatengeneza nini hasa?"

"Mijadala, dada."

"Mh! Na mdomo wako umefika masikioni kwa ajili ya mijadala." Akachukua kitambaa cha rangi ya chungwa, chepesi kama pumzi, akamwekea begani, akapima kwa macho. "Hiki nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya mteja. Mteja angoje. Simama wima nikupime."

Muhula ukaenda mbio. Kisha habari ikafika, kama zinavyofika habari zote chuoni, kupitia kwa mhudumu wa mashine ya kunakilishia: tawi la pili linamtaka Fundi arudi, limempa cheo. Mkuu wa Idara amemwambia nafasi ya huku pia ipo akiitaka. Ana hadi Jumatano kujibu.

Saa Sita akangoja Fundi aseme kitu. Jumatatu nzima alijipitishapitisha na mafaili yasiyohitajika. Hatimaye Fundi akamkuta kwenye ngazi, kijasho chembamba kimemtoka kwenye paji la uso, akisugua mkono mmoja kwa mwingine.

"Saa Sita, ingia kwenye lile darasa la majaribio. Kuna mada nimekuwekea. Mwisho Jumatano, saa sita." Akacheka, lakini kicheko hakikukaa vizuri. "Mchana."

Darasa la majaribio lilikuwa la Fundi mwenyewe. Alilitengeneza ili wajaribie mambo kabla ya kuyapeleka kwa wanafunzi, na humo Saa Sita alikuwa ameandikishwa kama mwanafunzi wa kawaida. Moyo ukamshuka. Kumbe ni kazi tu. Wiki ile wanafunzi wanaotumia simu walikuwa wamelalamika kwamba kurasa haziwafungukii sawasawa, bila shaka ndilo jambo lenyewe. Akafungua. Mada iliitwa Jaribio la Mwisho, na chini yake palikuwa patupu, isipokuwa yale maneno: Andika kwanza, ndipo uone ya wenzako. Akafungua tena kwa simu. Akafungua kwa kompyuta ya maktaba. Kote ukurasa ulikuwa mtupu, kama inavyotakiwa kwa mtu ambaye hajaandika. Safi, akasema moyoni, kitufe kinafanya kazi. Akarudi kwenye michango ya wanafunzi wake, akaizamisha huzuni yake humo.

Jumatano mchana, muda ukiwa umeshapita, walikutana ukumbini. Wanafunzi walikuwa wakipishana pande zote. Fundi alikuwa amevaa soksi zinazofanana, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua.

"Uliingia kule?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliingia. Mara kadhaa, hata."

"Na?"

"Na nini tena?" Saa Sita alijikaza. Alitaka kusema: na wewe, unaondoka au unabaki, mbona hunambii? Lakini akasema, "Kiko sawa. Sina la kuongeza."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, mara moja tu, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo akaukuta mzito. "Basi kesho nasafiri. Treni ya kabla ya mchana."

"Safari njema, Mwalimu."

Hakumwita Fundi. Wote wawili walilisikia hilo, na kila mmoja akaenda na njia yake.

Asubuhi ya Alhamisi Saa Sita hakwenda chuoni. Aliweka laptopu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akawa anawajibu wanafunzi mmoja mmoja. Dada yake alikuwa ameuona uso ule tangu jana. Alimvika tu lile gauni la rangi ya chungwa, akamsimamisha juu ya kigoda ili apime kiuno, mkono wa kulia umeshonwa, wa kushoto bado uko kwenye kiti, na alama za chaki ya kukatia zimemtapakaa ubavuni.

"Usitikisike," dada alisema.

"Sitikisiki."

"Unalia."

"Silii, nasoma."

Simu ikaita. Alikuwa ni yule binti wa mstari wa nyuma, sauti ya wakili imegeuka ya mshtakiwa.

"Shikamoo Madam. Samahani sana. Nimechelewa mchango wangu, nataka kutoa sababu, lakini hata sijui niseme nini. Huwa naandika bila hata kutazama, safari hii mada ilinitisha. Ukurasa nilikuwa naufungua tangu Jumatatu. Kila siku nafungua, Madam! Naukuta mtupu. Nikasema, kumbe hakuna aliyeandika, mbona mimi niwe wa kwanza kujianika? Nikawa nangoja wenzangu waanze. Jana muda ukapita, na leo wananiambia kumbe wote walikuwa wameandika!"

"Marahaba. Lakini mama, si tuliwaeleza? Ukiukuta mtupu siyo kwamba hakuna aliyeandika. Inawezekana mtu ameandika tangu Jumatatu, ameandika mambo yake yote ya moyoni, anakungoja, na wewe huoni kitu kwa sababu wewe mwenyewe huja…"

Akageukia laptopu.

"Madam? Halo? Upo, Madam?"

"Nipo," alisema Saa Sita, lakini hakuwepo. Alikuwa kwenye ngazi, Jumatatu, akitazama kijasho kwenye paji la uso la mtu. Jaribio la Mwisho. Mwisho Jumatano, saa sita. "Andika sababu yako hivyo hivyo ulivyonieleza," alimwambia binti haraka haraka. "Utapokelewa." Akakata simu, akaruka kutoka juu ya kigoda, pini zikamwagika.

"Dada! Aliniandikia!"

"Nani?"

"Fundi! Aliniandikia kwenye ukurasa, mimi nikaukuta mtupu, nikadhani anataka nikague kama ule mfumo…"

Dada yake alishusha mkasi. "Ngoja nielewe. Mwanamume kakumwagia moyo wake, na wewe ulikuwa unakagua kitufe?"

"Ndiyo!"

"Mdogo wangu, wewe umesoma mpaka umepitiliza." Akamtupia viatu. "Treni inaondoka saa ngapi? Kimbia! Kimbia na hilo hilo gauni, mkono nitaushona baadaye!"

Alipiga simu barabarani, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Watu walikuwa wakimgeukia: mwanamke mwenye gauni zuri la rangi ya chungwa, bega moja limefunikwa, jingine wazi, uzi mweupe wa kushikizia ukipepea nyuma yake kama mkia. Laptopu aliibana kwapani. Hata hakujua kwa nini ameibeba.

Kituo cha treni kilijaa sauti za magurudumu ya masanduku na vipaza sauti. Akamwona karibu na mlango wa behewa la tatu, amekalia sanduku lake, simu imelala ndani ya begi, macho yanatazama reli.

"Fundi!"

Aligeuka. Akasimama. Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, na jambo la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Gauni lako lina mkono mmoja."

"Najua! Uliandika nini kwenye ukurasa?"

Uso wa Fundi ukafungika. "Saa Sita, tafadhali. Ulisoma. Niliona kwenye mfumo, umefungua kwa simu, umefungua kwa laptopu, umefungua hadi kwa kompyuta ya maktaba. Ukasema huna la kuongeza. Sikulaumu."

"Nilikuwa nakagua!"

"Unakagua nini?"

"Kama mtu asiyeandika haoni kitu!" Alikuwa anahema, machozi na kicheko vinagombania koo moja. "Na haoni kitu, Fundi! Hata kidogo! Kinafanya kazi vizuri sana!"

Saa Sita aliiona ile fikra ikipanda usoni mwa Fundi hatua kwa hatua, hadi ilipofika machoni. Alikuwa amekiwasha kile kitufe yeye mwenyewe, kwa mazoea, kama anavyokiwasha kila mahali. Akarudi kukaa juu ya sanduku, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Saa Sita alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo hukuona hata neno moja?"

"Hata moja. Nionyeshe sasa."

Akaitoa simu, akafungua ukurasa, akaunyoosha mkono, kisha ghafla akairudisha kifuani. Macho yake yalikuwa yamelowa na yanang'aa. "Hapana. Andika kwanza, ndipo uone."

"Fundi! Treni hiyo!"

"Kanuni ni kanuni."

"Muda umeshapita!"

"Mchelewaji anapokelewa. Aseme tu ukweli wake mbele ya watu. Nilipigania hilo hadi chai ikapoa, unakumbuka?"

Watu wawili watatu wenye masanduku walikuwa wamesimama, wanajifanya hamnazo huku masikio yamesimama. Saa Sita alilivuta lile gauni begani. Mambo ya kuandika aliyaweza; haya ya kusimama na kusema bila kujua mwenzake ameandika nini, hayo hayakuwemo kwenye mwongozo wowote.

"Nilichelewa," alisema. "Tangu ile siku umeua projekta nilikuwa nataka kukwambia, nikawa nangoja uanze wewe. Kila Jumatano nasema nangoja michango ya wanafunzi. Uongo. Nangoja wewe ufungue mlango. Ukienda, nitaendelea kufundisha, nitatoa alama, sitakufa. Lakini sitaki uende. Nataka ubaki, tubishane, unipe chai. Nakupenda, Fundi. Ndiyo mchango wangu. Hauna ushahidi wa kutosha, lakini ni wangu mwenyewe, sijanakili kwa mtu."

Fundi alimpa simu. Alikuwa ameandika:

"Nilikuja kwa muda, sasa sitaki kuondoka. Wamenipa cheo kule, lakini kule hakuna anayenibishia. Nakupenda tangu uliponiambia nivue viatu. Ukiandika neno moja tu hapa, nabaki. Ukinyamaza, nitajua, na sitakusumbua tena."

"Ukinyamaza nitajua!" Saa Sita alimpiga kwa kiganja begani. "Nani alikufundisha kuwekea mapenzi siku ya mwisho?"

"Wewe."

Filimbi ikapigwa. Behewa la tatu likaanza kusogea taratibu, na Fundi akalitazama likipita kama mtu anayetazama nguo ya mtu mwingine kwenye kamba. Akamshika Saa Sita mkono, ule wa upande usio na kitambaa.

"Sasa hivi nampigia Mkuu wa Idara, nimwombe anipokee hata kama Jumatano imepita. Halafu nataka kuja kwenu, nijitambulishe kwa dada yako."

"Kama nani?"

"Kama shemeji yake. Ukiridhia."

"Atakupima kwanza," alisema Saa Sita, akicheka na kulia. "Huyo hamkaribishi mtu bila kumpima. Njoo. Nimeridhia."

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Hakuwa mtu, ilikuwa kengele aliyoitega mwenyewe, ile ile ya kila Alhamisi. Saa sita kamili mchana.

Rangi ilimtoka. Wanafunzi zaidi ya kumi walikuwa hawajapata neno lake. Akakaa kwenye benchi, akafungua laptopu magotini, na Fundi akaketi kando.

"Usihangaike," alimnong'oneza kwa upole. "Mimi ni mwalimu mwenza. Nasogeza muda hadi saa nane, kazi ya dakika moja tu. Hakuna atakayejua."

Saa Sita aliangalia skrini. Ingekuwa rahisi. Mkuu wa Idara asingeona pengo, mkataba wake usingeguswa, na kesho angetembea ukumbini bila mtu kumkonyeza. Akamkumbuka yule binti, asubuhi ile, sauti imemkauka: mbona mimi niwe wa kwanza kujianika? Naye angekuwa ameshaandika sababu yake sasa hivi, mbele ya wote, kwa kumwamini mwalimu wake.

"Niliwaahidi," alisema.

"Mkuu anasoma kila ukurasa."

"Najua. Asome."

Akaandika, juu kabisa, mahali ambapo kila mtu wa matawi mawili angeona:

"Wanafunzi wangu, leo nimechelewa. Sababu yangu ya kweli: nilikimbia kituo cha treni kumzuia mtu ninayempenda asiondoke kabla sijamwambia. Niambieni ni alama ngapi mnanikata. Majibu yenu waliobaki nayaandika sasa hivi, mmoja mmoja, na sitainuka hapa hadi yaishe."

Akasoma mara moja. Akafumba macho. Akabonyeza Tuma.

Kisha ukurasa ukaanza kuruka kama sufuria inayochemka. Vicheko, makofi, alama za mshangao zisizohesabika, mtu mmoja akiuliza kama ni Fundi, mwingine akimjibu kwani unadhani ni nani, projekta? Katikati yao ukatokea mstari mmoja wa Mkuu wa Idara, bila salamu: "Sababu imepokelewa. Amekatwa alama moja, na nitaikumbuka nikipima mikataba. Wengine endeleeni na kazi." Fundi akashusha pumzi kwa kishindo, na Saa Sita akajifuta uso kwa mkono wa pekee wa gauni lake.

Alikwishaanza kumjibu mwanafunzi wa kwanza kati ya waliobaki, akimtafutia hoja yake ilipo, pale swali la yule binti wa mstari wa nyuma lilipochomoza.

"Madam, sasa tuambie. Aliondoka au alibaki?"

Saa Sita alimtazama Fundi, ambaye alikuwa amevua viatu na kuegemea sanduku lake, akiwaitikia ndiyo, ndiyo watu wa tawi la pili kwenye simu ya kuwaomba radhi. Akatabasamu, akaandika jibu fupi, kisha akarudi kazini.

"Hitimisho ni Jumatatu, saa sita mchana."